Ukifungua Geti, Mbwa Wako Hufanya Nini?

Juzi nilipita mtaa mmoja hapa Dar es Salaam, nikahesabu mageti saba, na matano kati yake yameandikwa kwa rangi nyekundu: "Mbwa Mkali". Nilicheka peke yangu, maana hata geti langu liliwahi kuwa na maandishi hayo, tena nilimlipa fundi ayaandike kwa herufi kubwa kuliko za majirani. Leo nitawasimulieni kwa nini niliyafuta. Namwomba mwenye mbwa anisikilize, na asiye na mbwa pia, kwa sababu anayeng'atwa mara nyingi ni yeye.

Mbwa wangu aliitwa Watasema. Mnajua tena majina yetu ya mbwa: humwiti mbwa, unampelekea jirani ujumbe. Nilimchukua angali mdogo, akakulia kwenye mnyororo chini ya mwembe. Mchana kutwa amefungwa, usiku anafunguliwa. Akibweka ovyo, fimbo. Akimsogelea mgeni, fimbo. Marafiki waliponiuliza, nilijigamba: "Huyo ni askari, hana utani." Mtaa mzima ulimwogopa, nami nikadhani hiyo ndiyo sifa.

Siku moja mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka saba, aliufuata mpira wake uliobingirika hadi chini ya mwembe. Watasema hakubweka. Alimng'ata mkono. Tulipofika hospitali, swali la kwanza la daktari lilikuwa langu mimi: "Mbwa huyo alichanjwa lini?" Namba ya gari langu naijua kwa moyo, ndugu zangu, lakini tarehe ya chanjo ya mbwa wangu sikuijua, kwa kuwa haikuwapo.

Kichaa cha mbwa si jambo la mzaha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na karibu wote huupata kwa mbwa. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, ni nadra sana mtu kupona. Kabla ya hapo kinga ipo: jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mgonjwa awahishwe kwenye sindano, na azimalize zote. Mtoto wetu alizimaliza, akapona. Watasema alifungiwa siku kumi akiangaliwa, akaonekana mzima. Lakini siku kumi zile, na macho ya dada yangu kila nilipokutana naye, simwombei hata adui yangu.

Nilitaka mbwa auawe. Bwana mifugo aliyekuja nyumbani hakubishana nami. Aliniuliza tu: "Mzee, jioni ukifungua geti, mbwa wako hufanya nini?"

Nikamjibu kwa fahari, "Hujikunyata nyuma ya mwembe. Ananiheshimu."

"Hiyo si heshima," alisema, "hiyo ni hofu. Na mbwa mwenye hofu hachagui mwizi. Humng'ata aliye karibu."

Akanikalisha kwenye kigoda, akanifundisha kumtazama mnyama niliyeishi naye miaka minne. Mbwa anayeishi kwa hofu huinamisha mwili na kuufyata mkia bwana wake anapopita. Hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo ilhali hana usingizi, hugeuza uso pembeni huku weupe wa jicho ukionekana. Ukiinua mkono kujikuna, yeye hujikunja. Akiwa anakula, ukikaribia huganda kama jiwe. Kuganda huko ni onyo la mwisho, nasi wengi hatulisomi. Na mkia kutikisika si furaha siku zote: ukisimama wima, mgumu, unatikisika kwa haraka na kwa ufupi, kaa mbali.

Mbwa aliyeelewana na bwana wake ni tofauti. Ukimwita kwa jina huja mwenyewe, mwili umelegea. Hulala ubavu mbele yako bila wasiwasi. Mkitembea, hugeuka mara kwa mara kukutazama. Mwaka 2015 wataalamu wa Japani walieleza kwamba mbwa na bwana wake wakitazamana machoni, homoni iitwayo oksitosini, ile ile inayomuunganisha mama na mtoto wake mchanga, huongezeka kwa wote wawili. Ila usijaribu kwa mbwa wa jirani: kwake yeye kukodolewa macho ni ugomvi.

Msidhani namtetea mbwa wa kudekezwa. Yuko mwenye mbwa anayekula naye kwenye kochi, hamfundishi lolote, mgeni akirukiwa yeye anacheka, "Haumi huyo!" Huo nao si uhusiano mwema. Jirani ambaye kwa imani yake mate ya mbwa ni najisi ana haki ya kufika mlangoni kwako na kanzu yake safi.

Basi wewe nawe jipime. Nani humlisha mbwa wako? Kama ni dada wa kazi peke yake, basi mbwa ni wa dada, wewe ni mpangaji tu. Alikunywa maji lini? Hufunguliwa saa ngapi? Cheti cha chanjo kiko wapi? Wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wa eneo wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kuenea. Na nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama si siri ya ndani ya ua wako.

Watasema hakuuawa. Alichanjwa, akajengewa banda, na mnyororo niliuuza kwa muuza vyuma chakavu. Ilinichukua miezi saba ya kumlisha kwa mkono wangu kabla hajaja getini kunipokea, na hata siku hiyo alikuja nusu ya njia, akasimama. Mtoto wa dada yangu mpaka leo huvuka barabara akiona mbwa. Hilo sijaweza kulirekebisha.

Jioni ya leo, ndugu msikilizaji, ukifika nyumbani usipige honi. Fungua geti mwenyewe, taratibu, umtazame. Hadi wiki ijayo, kwaherini.