Jolene, Kasongo na Majina Yanayolipiwa

Mada iliyotolewa kwenye semina ya watunzi na waimbaji, komini ya Mikelenge, Kindu



Mwaka 1950, huko Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis wa Kenya, mtafiti Hugh Tracey alirekodi wasichana wakimwimba kiumbe anayeitwa Chemirocha, nusu mtu, nusu paa. Chemirocha ndiye Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri kutoka Marekani, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwenye vilima vile. Alikuwa amekufa tangu 1933. Wasichana walisikia sauti isiyo na mwili, wakaipa mwili na miguu ya kuchezea ngoma.

Nimeanza na Rodgers kwa sababu ni mtu wa reli, na sisi wa Kindu ni watoto wa reli. Alizaliwa 1897, akakulia Meridian, Mississippi, akafanya kazi ya breki kwenye treni mpaka kifua kikuu kikamtoa kazini. Agosti 1927 alirekodi nyimbo zake za kwanza mjini Bristol, na haikupita miaka sita akafa. Aliimba treni, watu wasio na makao, na ugonjwa wake mwenyewe: "T.B. Blues" ya 1931 ni mgonjwa anayesema waziwazi kinachomuua. Siku mbili kabla ya kufa alikuwa bado studio, New York, akipumzika kitandani kati ya wimbo na wimbo.

Huku kwetu reli iliunganisha Kongolo na Kindu, na kuanzia hapa mizigo ilishushwa kwenye meli, ikafuata mto hadi Ponthierville, yaani Ubundu ya leo. Vijana wa Maniema wakaondoka: huyu Katanga kwenye shaba, yule Kalima kwenye kasiterite. Palipo na stesheni pana mtu anayeondoka na mtu anayebaki na watoto. Kwa maoni yangu, nusu ya nyimbo za kantri zimetoka kwa hao wawili, na nyimbo zetu bora pia.

Swali ambalo watunzi huniuliza sana ni hili: je, hadithi ya wimbo lazima iwe kweli? Mtazameni Merle Haggard. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alifariki Merle akiwa na miaka tisa, na mtoto akawashinda walezi. Wimbo wake "Mama Tried" wa 1968 unamhusu mama aliyejaribu kumlea peke yake na mwana asiyesikia. Kwamba alitimiza miaka 21 akiwa gerezani, kama wimbo unavyosema, ni kweli, alikuwa San Quentin. Kwamba alifungwa maisha si kweli, maana alitoka 1960. Johnny Cash naye aliyatunga maneno ya "Folsom Prison Blues" akiwa askari wa anga Ujerumani, baada ya kuona filamu juu ya gereza hilo, na hakuwahi kutumikia kifungo huko. Lakini wafungwa wa Folsom walipomsikia akiuimba mbele yao mwaka 1968, walimpokea kama mwenzao. Kitu ambacho mtunzi haruhusiwi kukidanganya ni uchungu wa mtu anayemsemea.

Uchungu huo hauonekani kwa maneno makubwa. Loretta Lynn, binti wa mchimba makaa ya mawe wa Kentucky, alipotunga "Coal Miner's Daughter", wimbo uliotoka 1970, hakusema "tulikuwa maskini sana" akaishia hapo. Aliweka vidole vya mama yake vinavyotoka damu kwa kufua nguo. Aliandika beti nyingi hata mtayarishaji wake, Owen Bradley, akamlazimu kupunguza. Sisi tuna beti kama hizo kila asubuhi barabarani: wanaume wanasukuma baiskeli zenye mzigo mzito kuliko wao, siku baada ya siku. Ni nani kati yetu amewaimba?

Sasa nifike kwenye majina, maana hapo ndipo moyo wangu unauma. Dolly Parton alitoa "Jolene" mwaka 1973. Amesimulia kwamba karani mmoja wa benki, mwanamke mwenye nywele nyekundu, alikuwa akimchangamkia mumewe kupita kiasi. Jina lenyewe alilipata kwa mtoto wa kike aliyekuja kumwomba saini baada ya onyesho. Mwanamke wa wimbo huo hamtukani mshindani wake. Anamwomba. Amekiri kwamba yule ni mzuri kuliko yeye, na kwa kukiri hivyo amewashika wasikilizaji wa dunia nzima.

Wekeni pembeni yake "Kasongo" ya Orchestra Super Mazembe, wanamuziki wa kwetu Kongo waliopitia Zambia wakatua Nairobi 1974. Mke anamsihi mumewe arudi nyumbani. Jina la Kasongo tunalijua, ni la watu na ni la mji wetu. Mume huyo hatujui alikuwa nani, na hakuna haja ya kujua: kila nyumba iliyoachwa ina Kasongo wake. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 2024, vijana wa Kenya walilichukua jina hilo wakambandika rais wao. Franco, mwanamuziki wetu wa Kongo, alifanya vivyo hivyo 1985 na "Mario", kijana anayelishwa na mwanamke mwenye fedha, na mpaka leo kijana wa namna hiyo anaitwa Mario.

Halafu tusikilize nyimbo zetu za siku hizi. Libanga juu ya libanga, yaani majina yanayotajwa kwa malipo: mkubwa fulani, mfanyabiashara fulani, mheshimiwa fulani wa Kinshasa, ametoa fedha, ametajwa. Ninajua mwanamuziki lazima ale, na sitamhukumu anayelisha watoto kwa gitaa. Lakini jina lililolipiwa halina hadithi. Mheshimiwa akianguka cheo, ubeti wake umekufa, na wimbo mzima unachakaa pamoja naye. Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Tracey kule Jadotville 1952, alikuwa na gitaa moja na Kiswahili cha Katanga. Mwaka 1969 gitaa hilo lilimfikisha kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Kwa hiyo kazi ya mchana huu ni hii. Tutajigawa watatu watatu. Kundi moja liende stesheni, jingine kwenye gati inapovukia mitumbwi ya Alunguli, jingine sokoni. Kila kundi lirudi na mtu mmoja wa kumsemea: anayesubiri, anayeondoka, au anayedaiwa. Jina lake la kweli mlifiche, mmtafutie jingine. Beti mbili zinatosha, gitaa likiwepo ni vizuri zaidi, na libanga haliruhusiwi. Saa kumi tutasikilizana.