Siku ya Kufunga Kisima: Gesi na Hifadhi ya Bahari Mtwara

(Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika na wageni wafadhili)



 Mada tuliyopewa ni gesi na uhifadhi, nayo ni pana. Tukitaka kuimaliza yote tutalala hapa. Kwa hiyo tutajikita kwenye sehemu ambayo haisemwi sana mikutanoni: nini kitatokea gesi ikiisha, na nani atalipa.

Tuanze na mahali penyewe. Gesi ya Msimbati iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya AGIP ya Italia, ikaachwa ardhini zaidi ya miaka 20 kwa sababu wakati ule haikuonekana kuwa na soko. Mwaka 2000 Serikali ikatangaza eneo hilohilo kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu pamoja. Kwa hiyo gesi ilitangulia kujulikana, hifadhi ikaja baadaye, kisha wachimbaji wakarudi. Kufikia mwaka 2007 umeme wa gesi ulikuwa umewaka Mtwara mjini. Mwaka 2015 bomba kubwa la kwenda Dar es Salaam, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, likaanza kupokea gesi kupitia mtambo wa Madimba.

Wageni wetu waliozoea Serengeti wanapaswa kufahamu jambo moja. Hifadhi ya bahari si mbuga ambayo watu wamehamishwa. Sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha hifadhi za aina hii inawaacha wanavijiji ndani, na inataka washirikishwe katika kuisimamia. Ndani ya hifadhi yetu kuna mashamba ya minazi, misikiti, shule na makaburi. Akina mama hutoka na maji ya bamvua kwenda kuchokoa pweza kwenye miamba. Mvuvi wa ngalawa anaambiwa kokoro ni marufuku, nyavu za macho madogo ni marufuku, na eneo fulani la matumbawe asiliguse kabisa. Anatii, au anakamatwa. Halafu anatazama ng'ambo ya mikoko anaona mnara wa kuchoronga, usiku unawaka taa kama mji.

Hapo ndipo penye kidonda. Tumekaa na wavuvi mara nyingi, na swali lao halibadiliki: kwa nini wavu wangu unaharibu bahari lakini mtambo ule hauiharibu?

Jibu la haki ni kwamba vyote viwili vina madhara, lakini si ya namna moja. Gesi ya Msimbati ni kavu, karibu yote ni methani. Ikivuja hupanda hewani. Haiwezi kuganda kwenye mizizi ya mikoko kama mafuta ghafi. (Methani yenyewe huongeza joto la dunia kuliko hewa ya ukaa, kwa hiyo hatusemi uvujaji ni jambo dogo.) Visima vimechorongwa nchi kavu, na hadi mwaka 2015 idadi yake haikuzidi vidole vya mkono mmoja. Ukipima kwa eneo lililochukuliwa, baruti za wavuvi haramu zimebomoa matumbawe mengi kuliko mitambo. Tunalisema hili waziwazi ingawa halipendwi na wote. Lakini kuna mitaro ya mabomba, barabara za magari mazito, tope la kuchorongea, maji ya chumvi yanayopanda pamoja na gesi, mitetemo ya utafiti, na taa zinazowapoteza watoto wa kasa usiku wanapotafuta bahari. Madhara haya yanaweza kupunguzwa kwa fedha na usimamizi. Wenzetu wa Uganda wamelazimika kulishughulikia jambo hilohilo katika Hifadhi ya Maporomoko ya Murchison, ambako mradi wa mafuta wa Tilenga umepanga viwanja 10 vya visima ndani ya hifadhi. Visima vingi huchorongwa kwa kupinda kutoka kiwanja kimoja, ili ardhi inayokatwa iwe ndogo. Mbinu hiyo ni nzuri. Hata hivyo kiwanja kidogo bado ni kiwanja, na siku moja kitahitaji mtu wa kukifunga.

Mwaka 2013, mwezi Januari na tena Mei, Mtwara iliingia katika ghasia juu ya bomba la kwenda Dar es Salaam. Watu walikufa, nyumba na ofisi zilichomwa. Hatutarudia habari hiyo yote, mnaijua. Tunachotaka mkione ni kwamba madai ya siku zile yalikuwa juu ya gesi inakokwenda: nani apate ajira, kiwanda kijengwe wapi, ushuru wa huduma ulipwe halmashauri ipi. Hayo ni madai ya haki kabisa. Lakini yote yanahusu miaka ambayo gesi inatoka. Kwa kadiri tunavyokumbuka, suala la bahari na ardhi itakayobaki halikupewa nafasi.

Leseni ya kuendeleza gesi ya Ghuba ya Mnazi ilitolewa mwaka 2006 kwa miaka 25. Isipoongezwa, itakwisha mwaka 2031. Ile ya Songo Songo kule Kilwa ilitolewa mwaka 2001, nayo kwa miaka 25 hiyohiyo. Mtoto aliyezaliwa Msimbati wakati leseni inatolewa atakuwa na miaka 25 itakapomalizika, huenda ana ngalawa yake mwenyewe. Tutakuwa tunamkabidhi nini?

Kufunga kisima cha gesi si kuweka mfuniko na kwenda nyumbani. Saruji husukumwa chini, ikaziba bomba katika vina mbalimbali, vichwa vya visima vikakatwa, mitambo ikaondolewa, udongo uliochafuka ukasafishwa, na eneo likaoteshwa upya. Kazi hiyo isipofanywa vizuri, gesi na maji ya chumvi vinaweza kutafuta njia ya kupanda hadi kwenye maji yanayonywewa na watu. Na kazi yenyewe ni ya gharama kubwa, inakuja wakati mbaya kabisa: mapato yamekwisha, na huenda aliyechimba ameshauza hisa zake kwa mwingine.

Wageni wetu kutoka Marekani wanaijua habari hii kuliko sisi. Kwao Serikali Kuu hukodisha ardhi ya umma kwa wachimbaji wa mafuta na gesi, hukohuko ng'ombe wanakolishwa na wanyamapori wanakopita. Mchimbaji huweka dhamana ili akitoroka Serikali iwe na fedha za kufunga kisima. Mwaka 1960 kiwango cha chini kiliwekwa dola 10,000 kwa leseni moja, kikabaki hapo kwa zaidi ya miaka 60, wakati bei ya kila kitu inapanda. Makampuni mengine yalifilisika na visima vikabaki bila mwenyewe. Mwaka 2021 Bunge lao lilitenga dola bilioni 4.7 za walipa kodi kwa ajili ya kufunga visima yatima, na mwaka 2024 ndipo kiwango kile kikapandishwa hadi dola 150,000. Nchi tajiri imeweza kuchota bilioni hizo. Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara itazichota wapi?

Tanzania haikukaa bila sheria. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inataka uwepo mpango wa kufunga na mfuko wa kugharimia kazi hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkazi haki ya mazingira safi na salama, na inataka wananchi washirikishwe katika tathmini ya athari kwa mazingira. Mfuko ulioandikwa kwenye sheria, hata hivyo, unahitaji watu wa kuulizia salio lake.

Basi kwa kamati za sharika tunaomba haya. Kikao cha tathmini kikiitishwa kijijini, aende mtu aliyesoma taarifa kabla, na swali lake la kwanza liwe juu ya kufunga: mpango uko wapi, fedha zimewekwa kiasi gani, nani anazishika. Diwani aulizwe hayohayo. Vijiji vingi vya hifadhi ni vya ndugu zetu Waislamu, kwa hiyo kamati isiende peke yake. Ikae na wazee wa msikiti na kamati ya mazingira ya kijiji, maana bahari ni moja.

Kazi ya pili ni kuandika hali ilivyo sasa. Mikoko inaishia wapi, kasa hutagia fukwe zipi, maji ya visima vya kunywa yana ladha gani, pweza hupatikana miamba ipi na kwa wingi gani. Bila kumbukumbu hiyo, mwaka 2031 hakuna atakayeweza kusema nini kirudishwe. Wazee wanaojua jinsi pwani ilivyokuwa kabla ya mitambo wanapungua kila mwaka, na daftari la kuandikia bei yake ni ndogo.

Kwa wafadhili: tumepokea kwa shukrani fedha za boti, za mizinga ya nyuki na za kupanda mikoko, na zimesaidia. Safari hii tunaomba kitu kisichopigika picha nzuri. Tunaomba nauli na posho za wajumbe wa vijiji kuhudhuria vikao vya tathmini, upimaji wa maji ya visima kila mwaka hadi leseni iishe, na mwanasheria wa kutusomea mikataba kwa Kiswahili. Makadirio tumeyagawa, yako kwenye karatasi mliyopewa mlangoni. Tuko tayari kwa maswali, na tungependa tuanze na ya wajumbe waliotoka Msimbati kwa sababu gari lao linaondoka saa tisa.