KIFUNIKO CHA USALAMA CHA BWAWA LA KUOGELEA: NAMNA YA KUKICHAGUA NA KUKIPIMA

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali, Masheha, wenye nyumba za wageni na wakaazi)





Nimetakiwa nizungumze juu ya vifuniko vya mabwawa ya kuogelea. Huenda wako watakaojiuliza jambo hili linamhusu nini mkaazi wa kawaida, ambaye kwake hapana bwawa ila ndoo na birika. Linamhusu, kwa sababu mabwawa hayamo tena mahotelini peke yake. Yamo katika nyumba za wageni zilizojengwa ndani ya vijiji vya pwani, na yamo katika majumba ya kupangisha. Saa ambayo wageni wamekwenda matembezini, aliye karibu na maji yale ni mtoto wa mpishi, mtoto wa mlinzi, au mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji katika mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimia umri wa miaka mitano. Mtoto mdogo anapozama hapigi kelele wala hapigi maji kwa nguvu. Huzama kimya, kwa muda mfupi mno, na mara nyingi mtu mzima huwa hatua chache tu kutoka hapo.

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Vitu vinavyoitwa vifuniko vya bwawa ni vingi, lakini si vyote vilivyotengenezwa kwa ajili ya usalama. Kile kinachoonekana sana ni karatasi ya plastiki ya buluu yenye mapovu ya hewa, inayotandazwa ikaelea juu ya maji. Kazi yake ni kuhifadhi joto na kupunguza maji yanayopotea kwa jua, na kwa kazi hiyo ni kitu kizuri. Lakini haibebi uzito wowote. Mtoto akiikanyaga humzunguka na kumfunika, na anayemtafuta hamwoni, kwani juu ya maji panaonekana pametulia. Kwa rai yangu, mwenye bwawa aliyeweka karatasi hiyo akaamini kuwa ameshalifunga bwawa lake yumo katika hatari kubwa kuliko yule aliyeliacha wazi, kwa sababu yule wa pili angalau anajua kuwa liko wazi na huweka mtu wa kulitazama.

Kifuniko cha usalama ni kile kinachofungwa pande zote katika sakafu iliyolizunguka bwawa, na kinachobeba mtu. Wenzetu wameweka vipimo juu ya jambo hili. Marekani wana kiwango kinachojulikana kwa namba F1346, kilichotolewa mwaka 1991. Kwa bwawa lenye upana unaozidi mita 2.4, kifuniko kinatakiwa kihimili kilo 220 hivi, yaani watu wazima wawili na mtoto mmoja. Hesabu hiyo ina maana yake: mtoto akishaanguka juu ya kifuniko, watakaokwenda kumtoa nao watakikanyaga. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2003 inayomtaka mwenye bwawa binafsi lililochimbwa ardhini achague kinga mojawapo kati ya uzio, king'ora, kifuniko au paa la kulifunika lote, na kila kimoja kina kiwango chake. Kiwango cha vifuniko ni NF P90-308. Nautaja kwa kuwa Réunion, kisiwa cha bahari hii hii yetu, kimo chini ya sheria hiyo. Basi anayeagiza kifuniko kutoka nje na atazame lebo. Kisicho na lebo inayotaja kiwango, hata kama ni kizito, kihesabiwe kuwa ni turubai tu.

Ziko aina mbili kuu, ya turubai zito na ya wavu. Turubai huzuia mwanga na uchafu, lakini mvua ya masika hutuama juu yake, na sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha mtoto mchanga. Anayelichagua hana budi kuweka pampu au njia ya kuyatoa maji hayo, na asimamie kazi hiyo kila mvua inaponyesha. Wavu hupitisha maji moja kwa moja. Kwa mvua zetu napendelea wavu, ingawa vumbi hupita na maji huhitaji kusafishwa zaidi.

Kupima ndiko kunakoharibiwa zaidi. Mabwawa yetu mengi hayana umbo la mstatili. Yamekatwa kwa mapindo, yana ngazi na mawe ya mapambo ukingoni. Kuchukua urefu na upana peke yake hakutoshi. Fundi achague nukta mbili, A na B, juu ya sakafu upande mmoja wa bwawa, apime masafa yaliyo kati yao, kisha autie ukingo alama kila baada ya nusu mita au zaidi kidogo, na karibu zaidi penye mapindo. Kila alama ipimwe masafa yake kutoka A na kutoka B. Kwa namba hizo umbo zima huweza kuchorwa upya popote duniani bila ya mchoraji kuliona bwawa. Kifuniko kiuzidi ukingo kwa sentimita 30 hivi au zaidi. Palipo na nafasi ya mtoto kupenyeza kichwa, hapo hapajafungwa.

Mikanda hushikwa na vishikizo vilivyozamishwa sakafuni, na hapa pana tatizo la kwetu wenyewe. Sakafu nyingi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, au mbao za mnazi. Kishikizo kilichotobolewa katika jiwe laini hung'oka siku kitakapovutwa kwa uzito. Sharti pawe na zege chini yake. Vishikizo viwe vya shaba na springi ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwani upepo wa chumvi hauchukui muda mrefu kula chuma cha kawaida. Springi ikishafungwa ibanwe nusu yake au zaidi. Ikilegea, kifuniko huzama katikati.

Kifuniko hakiondoi haja ya uzio. Mchana wote huwa kimekunjwa, na hapo mtoto huzuiwa na uzio wa pande nne usiopungua mita 1.2, wenye mlango unaojifunga wenyewe na kufunguka kuelekea nje. Wala watu wasiogelee kifuniko kikiwa kimefunguliwa nusu, kiondolewe chote.

Niseme neno moja juu ya mabirika na visima. Mfuniko wa duara hauwezi kutumbukia katika tundu lake, lakini wa mraba ukisimamishwa na kugeuzwa kwa pembe hutumbukia. Wanaojenga sasa wachague duara, na watie kufuli.

Ufunguo wa kukazia mikanda usiachwe ukingoni. Uwe kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina katika kila zamu, naye aandike saa aliyofunga. Wenye mabwawa wanaotaka kuonyeshwa upimaji wa A na B naomba wabaki. Tepu na chaki zipo, na tutaupima uwanja huu huu.