MFUKO WA VIPANDE USICHOMWE
(Maneno ya fundi wa cherehani mbele ya wanachama wa ushirika, Samunge)



Nimetakiwa nieleze habari ya ule mfuko wa vipande ulio chini ya meza ya cherehani. Mkutano uliopita wapo waliosema vichomwe, vinaleta panya. Mimi nasema hapana. Humo ndani mna magauni ya watoto wetu.

Wenye umri wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, baada ya Vita ya Kagera. Doti ya khanga ilipangiwa foleni, na aliyeipata hakutupa hata pindo. Mwaka 1984 serikali ikalegeza masharti ya kuingiza bidhaa, mitumba ikajaa, tukasahau. Haya, mitumba ni rahisi. Lakini mama mwenye mabinti watatu akimnunulia kila mmoja la kwake, hela ya madaftari itatoka wapi?

Najua linalosemwa: mtoto wa gauni la vipande huchekwa. Huchekwa kwa kuwa limeshonwa ovyo! Basi sikilizeni.

Kwanza chagua. Chomoa uzi mmoja, uchome. Pamba huacha jivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua. Nailoni na poliesta huyeyuka zikawa kidonge kigumu. Usichanganye. Pamba husinyaa ukifua, mwenzake hasinyai, na gauni litajikunja kama jani la mgomba juani. Kwa hiyo vipande vyote vya pamba vifuliwe, vikauke, vipigwe pasi kabla ya mkasi kugusa.

Pili, vuta kitambaa huku na huku. Upande usiovutika sana ndio urefu wake, nao ushuke kutoka kiunoni kwenda chini, kila kipande. Hapa ndipo wengi huharibu: kimoja wima, kingine ubavuni, sketi inaning'inia upande.

Mtoto wa miaka sita au saba mwenye kifua cha sentimita 60, kata vipande sita vya sketi, kila kimoja upana 22 na urefu 55. Mshono ukila sentimita moja kila upande, unabaki na mzunguko wa 120, unatosha kukunja marinda kiunoni. Chini acha pindo la sentimita 8. Mwakani akirefuka unalishusha, hununui kitu. Sehemu ya kifua itoke kwenye kipande kimoja kizima, kwa sababu kwapani ndipo panapochanika. Rangi nazo zipange: mbili zikibadilishana, moja nyeusi moja ya maua, watu watadhani ni mtindo wa mjini.

Khanga kuukuu pia inafaa. Huchakaa katikati, kwenye mji, lakini pindo lake mara nyingi bado lina nguvu. Liwe chini ya sketi. Ila jina la khanga litazameni kwanza, jamani. Maneno ya kumsuta jirani hayavalishwi mtoto.

Naomba mkutano uamue leo: vipande vigawiwe wanachama bure, wenye watoto wa darasa la kwanza watangulie. Mimi nitakata kila Jumamosi, baada ya zamu za maji ya mfereji. Asiye na cherehani aje na sindano na uzi, mkono unashona vilevile. Na mkasi wa ushirika ni wa kitambaa tu. Aliyekatia karatasi juzi, aulete kwangu niunoe.