Mwenye Shamba na Mwenye Mnazi



Nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, kila baada ya miezi mitatu bibi yangu alinishika mkono tukaenda kwenye shamba ambalo halikuwa lake. Alibisha hodi kwa mwenye shamba, wakasalimiana kwa kirefu, wakaulizana habari za wagonjwa na za waliosafiri. Kisha mkwezi akafunga kamba miguuni na kupanda minazi saba iliyokuwa karibu na kisima. Minazi ile ilikuwa ya bibi. Baba yake ndiye aliyeipanda, kwa ruhusa ya wazee wa shamba lile. Udongo ulioshika mizizi ulikuwa wa mwenyeji wetu. Shina, makuti na nazi vilikuwa vya bibi. Tulipoondoka, nazi mbili tatu zilibaki barazani kwake. Haikuwa kodi, ilikuwa heshima.

Sikuona ajabu yoyote. Ajabu niliiona miaka mingi baadaye, mwaka wa kwanza wa sheria, nilipofundishwa kwamba kinachopandwa au kujengwa juu ya ardhi hufuata ardhi. Ni kanuni ya Warumi, Waingereza wakaichukua, nasi tukaipokea pamoja na mahakama zao. Kwa kanuni hiyo bibi alikuwa hana kitu. Nilitoka darasani nimeshika daftari, nikijiuliza nani ameelewa vibaya, bibi au mimi.

Basi tuanze na swali la msingi: mali ni nini? Ukimuuliza mtu njiani atakuonyesha kitu: baiskeli, ng'ombe, nyumba. Sheria haikiangalii kitu kwanza, inawaangalia watu. Kusema mnazi ni wa bibi maana yake ni kwamba mwenye shamba alipaswa kumpisha njia, mkwezi alipaswa kupokea amri yake na si ya mwingine, na jirani aliyeokota nazi iliyodondoka usiku alijua airudishe wapi. Umiliki ni mpangilio wa nani anaweza kumwambia nani nini kuhusu kitu fulani. Mpangilio ukivunjika mnazi utaendelea kusimama palepale, lakini hautakuwa tena mali ya bibi.

Na umiliki unagawanyika. Wanasheria wa mapokeo ya Kirumi waliutenga katika mafungu matatu: kutumia kitu, kula matunda yake, na kukitoa mikononi mwako kwa kuuza, kugawa au hata kukiharibu. Mwaka 1961 mwanasheria wa Uingereza, A. M. Honoré, aliupasua zaidi, akahesabu vipengele kumi na kimoja. Sitawachosha navyo vyote. Kinachonihusu ni kwamba mafungu haya yanaweza kukaa katika mikono tofauti kwa wakati mmoja, na bado kila mmoja akasema "changu" bila kusema uongo. Mpangaji anatumia, mwenye nyumba anakula kodi, na benki iliyochukua rehani inangoja pembeni na haki ya kuuza mkopo usipolipwa. Wakfu ni mfano mzuri zaidi, na watu wa pwani mnaujua tangu utotoni: shamba limefungwa, haliuzwi wala halirithiwi, lakini matunda yake yanaliwa na wale waliokusudiwa, kizazi baada ya kizazi.

Sasa, wapo wanaonisikiliza ambao wana hati miliki ndani ya kabati na wanaona habari za minazi ni za watu wa kale. Naomba waitoe hati waisome. Tanzania Bara, umiliki wa ardhi usio na kikomo tulioachiwa na wakoloni ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1963. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini. Ulichonacho wewe ni haki ya kuimiliki kwa muda usiozidi miaka 99, kwa masharti, na kodi ya ardhi juu yake. Nyumba umejenga wewe, udongo si wako. Kwa hiyo kila mwenye hati Dar es Salaam amesimama mahali alipokuwa amesimama bibi yangu, na tofauti yake ni kwamba yeye ana karatasi.

Tofauti hiyo si ndogo. Nitaeleza kwa nini.

Katika mashamba ya karafuu Unguja na Pemba, baada ya utumwa kufutwa, wenye mashamba waliwaruhusu maskwota kulima chini ya mikarafuu. Wapalilie, nao wapande mihogo na mazao mengine ya msimu. Miti ya kudumu walikatazwa. Jambo hili limeandikwa vizuri na wanahistoria, na kila ninapolisoma naona hekima kali ya mwenye shamba. Muhogo unang'olewa, na anayeung'oa anaondoka. Mnazi unakaa miaka sitini, na anayeupanda anakaa nao, yeye na watoto wake. Kuzuia mche kulikuwa kuzuia haki isizaliwe.

Mombasa mambo yalikwenda njia nyingine. Pale watu walijenga nyumba juu ya viwanja vya wengine wakilipa kodi ya ardhi, na mtindo huo, nyumba bila ardhi, upo hadi leo katika mitaa kama Majengo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyotumika katika ukanda wa pwani wa maili kumi, ilikuwa na mlango mdogo kwa ajili yake: hati ya ardhi ilihesabiwa kubeba pia miti na majengo, isipokuwa pale ilipoandikwa vinginevyo ndani ya hati yenyewe. Maneno machache yakiandikwa, nyumba imeokoka, yakisahauliwa, imemezwa. Ardhi ambayo hakuna aliyefika kuidai ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Mtu angeweza kuwa na makaburi ya babu zake pale na asiwe na kitu, kwa kuwa siku ya kuandikisha hakuitwa, au aliitwa kwa lugha asiyoijua. Kenya iliifuta sheria ile mwaka 2012. Nyumba bado zipo na watu wamo ndani.

Kwetu, Mahakama ya Rufani ilikaa Arusha mwaka 1994 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuamua shauri la Lohay Akonaay na mwanawe. Serikali ilidai kwamba haki za kimila juu ya ardhi si mali inayolindwa na Katiba. Mahakama ikakataa: ni mali, ibara ya 24 inazilinda. Tena ikasema kwamba mtu aliyeitolea ardhi jasho anastahili fidia ya haki hata kama hakuacha juu yake jengo wala mti wa kuonyesha. Nawafundisha wanafunzi hukumu hii kila mwaka, na kila mwaka nikifika hapo sauti yangu hubadilika.

Ninachoomba kwa wapimaji na wathamini wanaopita vijijini leo ni kidogo. Wakishauliza shamba ni la nani, waulize pia: nazi hapa anaangua nani? Na jina hilo liandikwe.

Mnazi mmoja wa bibi ulipozeeka na kuinama, alichimba shimo dogo pembeni yake akatia nazi iliyochipua. Mwenye shamba akaing'oa, akaileta nyumbani kwetu mwenyewe, kwa adabu. Wazee walikaa siku moja nzima barazani. Waliamua kwamba haki ya bibi ni umri wa mnazi: ulioanguka haurudishwi, uliosimama hauguswi na mtu. Bibi aliipanda nazi ile uani kwetu. Alipofariki, kadhi aliandika katika mirathi yake, baada ya vyombo vya ndani na mkufu mmoja: minazi sita, katika shamba la mtu mwingine.