Goti la Askari na Tarehe ya Haki



Maoni yangu leo yahusu goti la askari mstaafu, na siku ambayo fidia ya ulemavu wake huanza kuhesabiwa, yaani tarehe ya haki. Kwani goti lililoteguka vitani aghalabu hunyamaza miaka mingi, gegedu ikilika kidogo kidogo, hata mzee anaposhindwa kuingia mtumbwini ndipo akumbukapo kudai, na huko ofisini kiamuacho si goti liliumia lini, bali barua ilipokewa lini.

Uingereza, ambayo vijana wa nchi hii ya Zambia waliipigania katika Kikosi cha Rodeshia ya Kaskazini huko Somalia mwaka 1940 na baadaye Burma, humruhusu aliyeumia utumishini kabla ya tarehe 6 Aprili 2005 kudai wakati wowote. Lakini malipo kwa kawaida huanzia siku ya dai, na ikiwa imepita miaka 7 tangu aache jeshi, humlazimu yeye kuleta ushahidi wa kutegemewa. Marekani nayo huirudisha tarehe ya kuanza malipo hadi siku iliyofuatia kuachishwa jeshi, mradi dai limefika ndani ya mwaka 1.

Sikatai kwamba hazina ya serikali yahitaji mpaka, wala kwamba ushahidi huchakaa. Walakini, insafu i wapi ikiwa mkazi wa kisiwa cha Kilwa, kilichomo katika ziwa letu la Mweru, ambaye hana budi kuvuka maji kabla ya kumwona karani yeyote, ahesabiwe sawa na jirani wa ofisi huko Uingereza? Kanuni ya namna hiyo huufanya umbali kuwa uzembe, na huipima haki ya mwenye goti bovu kwa wepesi wa miguu yake.

Wala malipo kurudi nyuma si muhali. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, aliweka silaha chini Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, ilhali askari wake Waafrika wakiidai Ujerumani mishahara. Na mwaka 1964, baada ya miaka 46, Bunge la Ujerumani Magharibi likaidhinisha walio hai walipwe, deni likifuata utumishi uliotendwa.

Kwa hiyo nawaomba watunga sheria: pale cheti cha daktari wa jeshi kinapotaja mwaka wa jeraha, tarehe ya haki na iufuate. Nawe mstaafu, usingoje sheria ibadilike. Peleka dai mapema ijapokuwa ushahidi haujatimia, hakikisha limepigwa muhuri wenye tarehe, nakala ibaki mikononi mwako, kisha cheti cha Hospitali ya St. Paul's ya Kashikishi kifuate; maana karatasi pungufu iliyofika leo yafaa kuliko kamili itakayofika mwakani.