Kabla hujalipa dipositi: mtaa wa kulelea watoto wetu

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana na wanandoa wapya. Wengi mliomba yaandikwe, basi haya hapa.)



Nimeambiwa nizungumze kuhusu kutafuta nyumba. Najua humu ndani kuna waliooa juzi, kuna walioposa, na kuna ambao mpaka leo wako na mke na mtoto kwenye chumba cha nyuma kwa mama. Si aibu. Mimi na mume wangu tulikaa hivyo mwaka mzima. Lakini siku ya kutoka inafika, na siku hiyo watu wengi huuliza swali moja tu: kodi ni ngapi?

Mimi pia niliuliza hilo hilo, nikakosea.

Sisi ni watu wa Kisiwani, Mombasa. Nyumba ya sebule na chumba kimoja tuliyoipata karibu na kwetu ilikuwa elfu 18 kwa mwezi, maji ndani. Ng'ambo, Likoni, tukapata ya namna hiyo hiyo kwa elfu 9. Nusu bei! Hatukufikiria mara mbili, tukafunga virago.

Mwezi wa kwanza ukatufundisha hesabu. Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, sawa. Lakini nyumba ilikuwa mbali na feri, kwa hivyo mume wangu alilipa 50 kufika kivukoni, na akishavuka alilipa 50 nyingine kufika kazini. Kwenda na kurudi ni 200. Siku 26 za kazi ni 5,200. Maji ya kunywa na kupikia tulinunua kwa mkokoteni, mitungi mitatu kwa siku, 20 kila mtungi: hiyo ni 1,800 kwa mwezi. Jumlisha na kodi, unapata elfu 16. Ile elfu 9 tuliyojisifu tumeokoa ilikuwa elfu 2. Na hapo sijahesabu saa anazosimama mtu kwenye foleni ya feri asubuhi, anarudi nyumbani mtoto ameshalala.

Tukahama tena, tukaenda ploti iliyo karibu na kivuko. Kodi elfu 10, juu kuliko ile ya kwanza. Lakini kivukoni sasa anaenda kwa miguu, nauli ikapungua nusu. Jumla yetu ikashuka mpaka 14,400. Nyumba ya kodi ya juu ndiyo iliyokuwa rahisi! Basi somo la kwanza hilo: hesabu kodi, nauli, maji na muda pamoja, kwenye karatasi, kabla hujalipa dipositi.

La pili, usitembelee nyumba mara moja. Nenda saa kumi na mbili asubuhi uone watu wanatokaje kwenda kazini. Nenda baada ya Isha uone njia ina taa au giza. Nenda siku ya mvua uone maji yanaelekea wapi. Keyateka atakwambia maji yapo kila siku. Waulize kina mama walio kwenye foleni ya mitungi. Uliza shule ni dakika ngapi kwa miguu ya mtoto, si kwa miguu yako. Ukiwa mja mzito, uliza uchungu ukija saa nane usiku utakwenda hospitali gani, na kwa njia gani. Hospitali ya Likoni iko upande huu. Ile kubwa ya mkoa iko ng'ambo ya maji. Barabara ya Dongo Kundu imefunguliwa, lakini hiyo ni ya mwenye gari.

La tatu, andikiana mkataba na upewe risiti. Ile sheria ya kudhibiti kodi inawalinda wapangaji wa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hebu niambieni, nani humu analipa 2,500? Kwa wengi wetu kinga ya kwanza ni ile karatasi.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta hapa.

Kabla ya Likoni tulijaribu mtaa mwingine. Nilipiga simu, nikaambiwa nyumba ipo, njoo kesho. Akaniuliza jina. Nikamwambia. Kimya kidogo, kisha: "Ngoja niulize." Baada ya dakika tano nyumba ishachukuliwa. Mwenzangu kazini, jina lake la bara, akapiga jioni ile ile. Akaambiwa ipo, njoo kesho.

Naona mnatikisa vichwa. Kila mmoja humu ana kisa kama hicho, na sote twajua kusema Katiba. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Kifungu cha 27 kinakataza mtu kumbagua mwenzake kwa dini au kabila, si serikali peke yake.

Lakini niruhusuni nimalize. Ami yangu ana nyumba za kupangisha. Siku moja nilikuwa nimekaa barazani kwake, akaja dada mmoja, nesi, mwenye adabu zake, pesa mkononi. Ami akamuuliza jina. Lilikuwa jina la bara. Ami akasema nyumba imechukuliwa. Haikuwa imechukuliwa. Na mimi, mtu wa kuzungumza haki kila Jumamosi, nilikunywa kahawa yangu nikanyamaza.

Usiku sikulala. Kesho yake nilirudi nikamwambia, "Ami, shikamoo. Jana sikupendezwa." Hakunikaripia. Akaniambia, "Mwanangu, wewe 1997 ulikuwa hujui kitu."

Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wa bara wakauawa, wengine wakachomewa nyumba wakakimbia. Kisha ukaja msako, na vijana wengi wa hapa wakakamatwa na kupigwa bila hatia. Ami alikuwa mmoja wao. Anavyoona yeye, ukichanganya watu kwenye ploti moja, siku ya shari unaletewa msiba mlangoni. Ni woga, si chuki. Lakini yule nesi aliyerudi na pesa zake mkononi, woga au chuki, kwake ni mlango ule ule uliofungwa.

Mimi naisoma 1997 kwa namna nyingine. Ukikaa na watu miaka mingi hujui hata majina ya watoto wao, ni rahisi mtu kukudanganya kwamba wao ni maadui. Kwenye ploti yetu sasa kuna Wadigo, Wakamba, Wajaluo na sisi. Si pepo, nisiwadanganye. Kuna redio, kuna kesha la maombi, na kuna adhana ya alfajiri ambayo mwenzako hakuizoea. Tuligombana kwa kamba ya nguo mpaka tukaita kikao cha ploti, tukapangiana siku. Lakini maji hutoka saa tisa usiku, na Ramadhani iliyopita Mama Mwende, ambaye hafungi, akiamka kukinga maji alikuwa akigonga dirisha langu: "Mama Yusra, daku!" Mwezi mzima. Binti yangu sasa anahesabu mpaka kumi kwa Kikamba, na mwanawe Mwende anajua kuvua viatu mlangoni kwangu bila kuambiwa.

Ukitafuta mtaa wa kulelea mtoto, ndiyo, angalia msikiti na madrasa viko karibu. Hilo ni haki yako. Ila angalia pia kama wapo wasiofanana nawe, na kama wanasalimiana. Mtoto aliyelelewa na majirani wa namna hiyo, mwanasiasa atamdanganya kwa shida.

Na wewe ambaye baba yako au mjomba wako ana nyumba ya kupangisha, kazi yako usiiache hapa. Haki tunayoidai kwa mwenye nyumba wa mtaa ule ni ile ile tunayodaiwa barazani kwetu. Dini yetu imempa jirani haki zake bila kuuliza kwanza ni wa kabila gani.

Ami hajabadilika sana. Nyumba ile alimpa mtu mwingine. Ila siku hizi akipigiwa simu nikiwepo, hutangulia kuuliza, "Mko watu wangapi?" Jina huliuliza mwisho, huku akinitazama mimi kwa pembe ya jicho.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum.